Unaenda kusomea sanaa nje? Anza na chokaa ya kwenu

Kuna vijana kama watatu hapa Lamu na mmoja wa Malindi wameniuliza swali moja, washapata nafasi ya kwenda kusoma sanaa nje na wanataka kujua mtu anajifunzaje kazi mpya kule bila kupotea, basi naandika mara moja niwajibu wote. Mi nilisoma Italia, Florence, na mfano wangu utakua fresko, ile michoro ya ukutani, kwa sababu ndo kazi nilioishika mpaka nikarudi nayo nyumbani. Wewe kama yako ni kuchapa au ufinyanzi ibadilishe mwenyewe.

Kabla hujapanda ndege kaa na fundi wa hapa wiki mbili. Sio kaa umpige picha, kaa umshikie ndoo. Mi nilikaa na mzee mmoja anaetengeneza zidaka, zile shubaka za chokaa ukutani, nikamkandia chokaa mpaka mabega yakauma, na wakati ule niliona ananitumikisha tu. Nimefika kule naambiwa fresko ni kupaka rangi ilokorogwa na maji matupu juu ya chokaa mbichi, hakuna gundi wala mafuta, chokaa ikikauka inavuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani inarudi kua jiwe na ile rangi inafungwa mumo humo. Nikacheka peke yangu. Matumbawe yanachomwa tanuuni yanakua chokaa, chokaa ikipigwa ukutani inarudi kua jiwe, sa hii si ndo nyumba zetu jamani? Wenzangu walikua wanaogopa kushika mwiko, mi shida yangu ilikua lugha tu.

Na kwa lugha, wa Malindi msijidanganye. Kile Kitaliano cha ufukweni mnachokiokota kwa watalii kitakufikisha sokoni lakini karakana ina maneno yake. Mi nilikata vipande vya mkanda wa karatasi nikaandika jina la kila chombo nikabandika kwenye mpini, wiki ya tatu nikavibandua.

Alafu mtafute yule anaeshika funguo za karakana, usimganda profesa. Profesa unamuona mara moja kwa wiki, anatikisa kichwa anaenda zake. Huyu mwengine ndo anaejua ndoo ipi ina chokaa ya zamani na mchanga upi mbovu. Nenda mapema, fagia, osha ndoo bila kuambiwa. Atashangaa, atakuuliza unataka nini, mwambie unataka kuangalia tu, na kweli uangalie, simu iwe mfukoni.

Haya kazi yenyewe. Usianze na ukuta, anza na kigae cha udongo ukubwa wa sahani. Kiloweke kwanza kishibe maji, la sivyo kitainyonya plasta yote ipasuke. Tabaka la chini changanya chokaa moja kwa mchanga mbili, liache mparuzo, likae siku kadhaa. Siku ya kuchora lirushie maji, piga tabaka jembamba la juu, mchanga laini sawa kwa sawa na chokaa, alafu ngoja. Hapa kwenye kungoja ndo watu wanaharibu. Gusa kwa kidole, kikitoka na chokaa bado, kikiacha alama kidogo na kutoka kisafi anza. Utahisi ukuta unavuta maji kutoka kwenye brashi kama mtoto ananyonya, na una masaa machache tu. Brashi ikianza kukwaruza na rangi kukaa juu kama unga, acha, hata kama jicho la pili hujachora. Sehemu ulobakisha ikate kwa kisu uitupe, kesho upige plasta mpya. Waitaliano kile kipande cha siku moja wanakiita giornata. Kufuta hakuna, ukikosea unabomoa, na usitishike rangi zikiwa nzito, zikikauka zinafifia.

Chokaa inaunguza lakini. Vaa glavu na miwani, ikiingia jichoni mwaga maji mengi sana alafu hospitali, usilete ujanja.

Mi ujanja wangu ulikua manjano, ile bizari ya jikoni. Nlibeba pakiti kutoka nyumbani nikasema nitawaonyesha rangi ya kwetu, nikaikoroga, nikavuta mstari mmoja juu ya chokaa na palepale mbele ya watu wote ikageuka nyekundu kama matofali. Manjano na chokaa hazipatani, inabadilika rangi na baadae inapauka kabisa. Tumia rangi za udongo, zile nyekundu na njano zenye chuma ndani, hizo chokaa haizisumbui. Lakini jaribuni vya kwenu hata hivo, kwenye kigae cha pembeni, na andika kwenye daftari siku, vipimo, hali ya hewa na kilichoharibika. Daftari langu la makosa nalifungua mpaka leo, cheti sijui kiko wapi.

Ukirudi utakuta vitu haviko sawa. Joto la huku linakausha haraka, kwa hivo chora asubuhi mapema na utundike kitambaa kibichi karibu. Mchanga wa pwani una chumvi, usipooshwa mara nyingi kwa maji matamu chumvi itatoka juu ibandue rangi, na ule wa vilima vya Shela hapa Lamu usiuguse kabisa maana ndo unatuhifadhia maji ya kunywa. Na usichore ukuta wa mtu mji wa kale wa Lamu bila kuuliza, mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, nenda kwa watu wa makumbusho kwanza.

Chokaa ilobaki iweke kwenye ndoo yenye kifuniko, maji yasimame juu yake, itakaa miaka na inazidi kua nzuri. Ila iandike ndoo kwa herufi kubwa uifiche mbali na jikoni. Mamangu alifunua yangu siku ya futari akaita watu, akidhani nimeleta mtindi.