Poda na saratani: kabla hujampigia wakili

Mimi ni mkalimani wa hospitali hapa Ohio, si wakili. Ninayoyaandika nimeyaokota nikiwa nimeketi kati ya mgonjwa na daktari, na mara chache kati ya mgonjwa na wakili. Kinamama wa chama chetu waliniomba niyaandike baada ya mkutano uliopita, maana karibu kila mmoja alishapigiwa simu na mtu wa "kesi za poda", yaani kesi za kuidai kampuni ya Johnson & Johnson kwamba poda yake ya mtoto yenye talki iliwapa watu saratani. Maswali waliyouliza siku ile nimeyaweka mwishoni.

Tuelewane kwanza ni poda gani. Talki ni jiwe laini linalochimbwa na kusagwa. Ardhini mara nyingi hukaa jirani na asbesto, madini ya nyuzinyuzi, na asbesto haina ubishi: husababisha saratani, ikiwemo mesotelioma (saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo) na saratani ya ovari (vifuko vya mayai ya uzazi). Talki yenyewe, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2024 katika kundi la 2A, yaani yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Johnson & Johnson waliacha kuuza poda ya mtoto yenye talki Marekani na Kanada mwaka 2020, na kwingineko duniani 2023. Siku hizi wanatumia wanga wa mahindi. Kampuni inakana mpaka leo kwamba poda yake ilimpa mtu saratani, kwa hiyo usidhani kuugua na kutumia poda kunatosha. Uhusiano wa hayo mawili ndio unaobishaniwa.

Hatua ya 1: jua jina la ugonjwa wako

Sisi tunasema "saratani ya tumbo", au "nilitolewa kizazi", tukadhani tumeeleza. Mawakili wa kesi hizi hutafuta zaidi saratani ya ovari na mesotelioma. Saratani ya shingo ya kizazi ni ugonjwa mwingine, na chanzo chake kikubwa ni kirusi cha HPV. Omba hospitali nakala ya ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara iliyochunguza nyama uliyokatwa. Ni haki yako kisheria, na kwa kawaida wana siku 30 za kukujibu.

Uliza pia kama maabara bado ina vile vipande vya nyama walivyokata wakati wa upasuaji. Huhifadhiwa ndani ya nta, kwa kawaida miaka 10, kisha hutupwa. Wataalamu wa wakili wanaweza kuvichunguza kwa darubini kuona kama vina chembe za talki. Usiende kuvichukua mwenyewe. Mwachie wakili aandike barua visitupwe.

Hatua ya 2: hesabu miaka

Kila jimbo lina ukomo wake wa kufungua kesi. Ohio, California, Texas na New Jersey ni miaka 2. New York ni 3. Kazi iko kwenye swali la lini hesabu inaanza: siku uliyopewa majibu, au siku uliyojua, au ulipaswa kujua, kwamba poda inaweza kuhusika. Hilo usiliamue mwenyewe jikoni. Andika tarehe zote mbili umpe wakili.

Hatua ya 3: kopo

Kama lipo, liache lilivyo na unga wake. Usilioshe, usihamishie poda kwingine. Mama mmoja aliniletea kopo ndani ya mfuko wa rambo, kalifunga mafundo mawili, nikafurahi. Kufungua, limejaa vifungo na sindano za kushonea, na lilishasuguliwa kwa sabuni mpaka linang'aa! Hata hilo nilimwambia alitunze, maana jina la poda lilikuwa bado linasomeka.

Hatua ya 4: sema ulipaka wapi

Hapa ndipo kesi za wanawake wetu zinapopotelea, na sijaona mtu akipaandika.

Mama huyohuyo, mwenye umri wa miaka sitini na kitu, alihojiwa na ofisi moja ya mawakili kwa simu. Aliyemtafsiria ni mwanawe wa kiume. Wakamuuliza: poda ulikuwa unapaka wapi? Akajibu, "Mwilini, nikishaoga." Kijana akatafsiri mwilini, ikaandikwa mwilini. Wiki tatu baadaye ikaja barua kwamba hawawezi kuichukua kesi yake.

Nilikwenda kwake, tukakaa tukamenya vitunguu. Nikamuuliza kama tunavyoulizana wanawake: "Na huko chini je, mama?" Akajifunika mdomo kwa kanga, akacheka. "Kwani mwili unaishia kiunoni?"

Miaka zaidi ya thelathini, asubuhi na jioni, mpaka kwenye chupi. Kwake yeye alishajibu. Kwa wakili, katika kesi ya ovari, jibu lile lilikuwa sawa na hapana, kwa sababu hoja nzima ni kwamba unga unapanda kupitia ukeni mpaka kwenye ovari. Tulitafuta ofisi nyingine, akahojiwa upya na mkalimani mwanamke, na hao wakamsikiliza.

Kwa hiyo, usikalimaniwe na mwanao, wala mkweo, wala jirani wa msikitini au kanisani. Dai mkalimani mwanamke, ofisi ya wakili ilipe. Na utamke: ukeni, kwenye chupi, kwenye pedi. Sema mara ngapi kwa siku, tangu mwaka gani hadi gani, poda ya jina gani, na nani aliyekuwa akikuona ukiinunua. Mwenye mesotelioma yeye ataulizwa zaidi alivyokuwa akivuta vumbi lake, kwa mfano alipokuwa akiwapaka watoto kila siku.

Utaulizwa pia kuhusu ukoo: mama, dada, shangazi waliougua, na kama umepimwa jeni za BRCA, zile za kurithi zinazoweza kuleta saratani ya matiti na ovari. Usifiche. Upande wa pili utayapata tu.

Hatua ya 5: mkataba

Wakili wa kesi hizi haombi hela mbele. Hukata asilimia fulani ukishinda au mkipatana, mara nyingi kati ya 33 na 40. Uliza gharama zinatolewa kabla ya asilimia au baada, kwa maana tofauti yake si ndogo. Uliza pia kama kesi atakuwa nayo yeye au atamuuzia mwenzake. Jina lake litafute kwenye orodha ya mawakili ya jimbo.

Anayekupigia bila kumtafuta, kata simu. Kanuni za mawakili za majimbo mengi zinamkataza wakili kumpigia asiyemjua akimwomba kesi, na usimtajie namba yako ya Social Security hata akijua jina la mumeo.

Maswali ya wanachama

Natumia tangu utotoni, siumwi. Naweza kudai?
Hapana, mawakili hawa wanataka mtu aliyeugua. Ila tumbo likijaa gesi wiki kwa wiki, ukashiba kwa vijiko viwili, ukakojoa mara kwa mara, nenda kwa daktari.

Si walisema kampuni imefilisika?
Haikufilisika. Ilijaribu mara tatu kuyapeleka madai haya kwenye mahakama ya ufilisi kupitia kampuni ndogo, na mara zote mahakama zilikataa. Ya mwisho ilikuwa Houston, Machi 2025. Kesi nyingi za mahakama za shirikisho zimekusanywa New Jersey, lakini kila mtu ana faili lake.

Mtu hulipwa kiasi gani?
Mwaka 2018 wanawake 22 walipewa dola bilioni 4.69 huko St. Louis, rufaa ikazishusha hadi kama bilioni 2.1, zikalipwa. Mwaka 2016, mji huohuo, familia moja ilipewa milioni 72, hukumu ikafutwa mwaka uliofuata. Atakayekutajia kiasi kabla ya kusoma faili lako, mkimbie. Na ukitibiwa kwa Medicaid au Medicare, nao watadai chao humo.

Sina karatasi za kuishi hapa.
Hata asiye nazo anaweza kufungua kesi ya madai. Mwambie wakili wako ukweli. Mazungumzo yenu ni siri.

Mama alifia Mombasa, na poda alinunua hukohuko. Nifungue huku?
Mahakama za huku zitauliza inawahusu nini. Kenya ukomo wa madai ya madhara ni miaka 3, ingawa sheria inaruhusu kuomba muda kama jambo muhimu halikujulikana mapema. Mwone wakili wa Mombasa, ukiwa na ripoti ya hospitali na cheti cha kifo mkononi.

Na kama hakuna hata mmoja aliyeniona nikipaka?
Dada yako mliolala naye chumba kimoja aliona. Mpigie leo.