Somo: Programu yako inalia, lakini nani ana uwezo wa kuinyamazisha?

Dada yangu anaishi Lanet, Nakuru, na anaangua vifaranga kwa inkubeta ya kugeuza mayai kwa mkono. Yai la kuku huchukua siku 21. Hadi siku ya 18 ligeuzwe angalau mara 3 kwa siku, la sivyo kifaranga kinachokua ndani hushikamana na utando wa ganda. Nikamtengenezea programu ya kumkumbusha kwa MIT App Inventor, tovuti ya kutengeneza programu za simu kwa kuunganisha bloku za maagizo. Ililia kwa wakati, mchana na usiku, lakini sikumwekea pa kuizimia, na nyumbani kuna mtoto mchanga. Siku ya tatu akaifuta akarudia daftari.

Leo tunajenga kile nilichokosa kumwekea. Utahitaji kompyuta ya kupangia bloku na simu ya Android ya kujaribia.

Anza na kijenzi cha sauti. Kuna viwili, na wengi hapa Kisumu huchukua cha kwanza wanachokiona. Sound ni ya milio mifupi kama ya kubonyeza kitufe. Player inafaa sauti ndefu, na ndiyo yenye Volume na Loop. Kwa kengele ya kukumbusha chukua Player. Jina la faili la mlio liandike kwa herufi ndogo bila nafasi, kwa mfano kengele.mp3.

Sasa kipimo cha sauti. Weka Slider chini ya kitufe, na kabla ya bloku yoyote badilisha MinValue iwe 0 na MaxValue iwe 100. Usiruke hapa. Slider huja ikiwa na 10 hadi 50, ilhali Volume ya Player ni 0 hadi 100. Ukiiacha ilivyo, mtumiaji akivuta hadi mwisho anapata nusu tu ya sauti, na akirudisha hadi mwanzo mlio bado upo. Kisha kwenye PositionChanged, yaani Slider inapovutwa, weka Player.Volume iwe thumbPosition.

Ongeza Switch yenye maandishi "Mlio", na TinyDB, hifadhi ndogo ya ndani ya simu, ya kukumbuka. Kila Switch inapoguswa, yaani kwenye Changed, hifadhi hali yake kwa lebo "mlio". Ikiwa imezimwa, ita Player.Stop papo hapo ili anayezima asikie imezimika. Kwenye Screen1.Initialize, yaani programu inapofunguka, soma lebo hiyo uirudishe kwenye Switch. Pale GetValue inapouliza irudishe nini kama lebo haipo, weka true. Fanya vivyo hivyo kwa Slider, thamani ya kuanzia 70.

Kitufe cha "Nimegeuza" kikibonyezwa, fanya mawili: ita Player.Stop, kisha ongeza kijenzi cha Clock na uhifadhi Clock.SystemTime, yaani muda wa sasa kwa milisekunde, kwenye TinyDB. TimerInterval ya Clock iwe 60000, yaani dakika moja. Kila inapopiga, toa muda uliohifadhiwa kutoka muda wa sasa. Tofauti ikifika 14400000, saa 4 zimepita. Hapo, Switch ikiwa imewashwa na Player.IsPlaying ikiwa false, ita Player.Start ianze kulia. Sharti hilo la IsPlaying ndilo linalozuia kengele kuanzishwa upya kila dakika.

Mwisho ni usiku, na hapa ndipo watu wetu huteleza, kwa sababu sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko na simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Clock.Hour hurudisha 0 hadi 23. Saa tatu usiku kwake ni 21, saa kumi na mbili asubuhi ni 6. Andika kwanza kwenye karatasi: saa ikiwa 21 au zaidi, AU ikiwa chini ya 6, ni usiku. Usiku badala ya Start ita Player.Vibrate yenye 800. Simu itatetemeka chini ya sekunde moja kila dakika hadi kitufe kibonyezwe. Mwenye simu ataisikia chini ya mto, na mtoto ataendelea kulala.

Maswali ya wanachama

Kutoka Kakamega: Mwalimu, nimeweka simu kimya lakini kengele bado inapiga. Nimekosea wapi?
Hujakosea, ndugu yangu. Kuweka simu kimya kwa kawaida hunyamazisha mlio wa kupigiwa na wa ujumbe. Player hupitia sauti ya muziki na video, ambayo ina kipimo chake. Ndiyo maana Switch yetu ni ya lazima. Na Volume ya 100 maana yake ni yote ambayo simu yenyewe imeruhusu. Mtu akiwa ameshusha sauti ya muziki, Slider haitaipandisha.

Kutoka Kondele: Usiku inalia kama mchana. Nimehakiki namba zote.
Dada, angalia kiunganishi. Picha yako inaonyesha "and". Hakuna saa iliyo zaidi ya 21 na papo hapo chini ya 6, kwa hiyo sharti lako halitimii kamwe. Weka "or".

Kutoka Bungoma: Nimefungua mradi mpya kabisa, lakini swichi inaanza ikiwa imezimwa ilhali niliandika true.
Unajaribia kwa Companion, ile programu ya simu ya kujaribia miradi ya App Inventor, sivyo? Miradi yote unayoijaribu humo hutumia hifadhi moja ya TinyDB, na lebo "mlio" ilishahifadhiwa na mradi wako wa zamani. Badilisha jina la lebo, au ita ClearAll mara moja kisha uiondoe bloku hiyo.

Kutoka Nakuru: Nikitoka kwenye programu, wakati mwingine hailii kabisa.
Clock hufanya kazi programu ikiwa hai. TimerAlwaysFires huiruhusu kupiga hata isipoonekana kwenye skrini, ila Android inaweza kuilaza ili kuokoa betri. Toleo hili jipya dada yangu huliacha wazi, simu ikiwa kwenye chaja kando ya inkubeta. Ikilazwa, akiifungua tu, ndani ya dakika moja itamwambia amechelewa, maana tulihifadhi saa aliyogeuza. Kwa jambo lisiloruhusu kuchelewa hata kidogo, tumia kengele ya saa iliyomo kwenye simu yenyewe.