SOMO: Kupata mbegu safi ya muhogo, kuanzia kukagua shamba mpaka kupanda

Habari wakuu. Kila mvua zikikaribia naulizwa swali lilelile, mihogo imestawi, majani mazuri, ila nikichimba ndani imeoza kahawia, nipulizie dawa gani? Nimejibu mno, sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Dawa hakuna. Hiyo ni michirizi kahawia, ugonjwa wa virusi, na mara nyingi umeuingiza mwenyewe shambani ndani ya mbegu uliyopewa na jirani. Inzi weupe wanausambaza kweli, ila hawaupeleki mbali sana, anayeusafirisha toka wilaya moja mpaka nyingine ni mtu na mzigo wa mashina kwenye pikipiki. Kwa hiyo nguvu zote weka kwenye mbegu.

1. Tafuta shamba lenye mihogo ya miezi 8 mpaka 12. Shina changa linakauka haraka.

2. Uliza jina la aina. Pwani utasikia Kiroba, Chereko, Kipusa, Kizimbani, Kanda ya Ziwa kuna Mkombozi. Mtu akikwambia "ni ile nyeupe tu" endelea na safari yako. Kama kuna mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu) karibu yako anza na huyo, au waulize watafiti wa kilimo wa TARI vituo vya Kibaha, Naliendele au Ukiriguru, kutegemea uko wapi.

3. Kagua kabla ya kununua. Hapa ndo watu wengi wanapoharibu kwa hiyo soma taratibu. Watu wamezoea batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo, ile unaiona ukiwa barabarani, majani ya juu yamejikunja yana mabaka ya njano. Michirizi kahawia haiko hivyo. Jani linabaki na umbo lake zuri kabisa, na dalili ziko kwenye majani ya CHINI yaliyokomaa, unjano unaofuata vishipa vya jani, sasa mtu anapita anaangalia juu tu anasema shamba safi. Inama. Shika jani la chini ligeuzie kwenye mwanga uangalie kando ya vishipa. Alafu angalia shina sehemu ya juu ambayo bado kijani, kama kuna michirizi au madoa ya kahawia achana nalo.

Onyo la kwanza: usikague kiangazi. Ukame ukipukutisha majani ya chini dalili zinaondoka nayo, na yanayochipua baadae yanaweza kuwa masafi kwa muda huku virusi viko ndani. Muuzaji anayekuita mwezi ambao shamba zima limebaki vijiti hujui anakuuzia nini.

Onyo la pili: majani peke yake hayatoshi, chimba. Muombe mwenye shamba, mlipe hiyo mihogo, chagua mashina sehemu tofauti za shamba sio yale ya pembeni aliyokuonyesha yeye. Kata muhogo vipande vyembamba kuanzia kichwani mpaka mkiani, maana unaweza kuwa mweupe pee huku, ukisogea kidogo unakuta doa la kahawia kavu, gumu kama gome. Ukikuta hilo hata kwenye shina moja, mbegu ya shamba lile usibebe. Usijiambie utachagua mazuri ubague mabaya, shina lenye virusi bila dalili hulitambui kwa macho, linahitaji maabara.

Onyo la tatu: programu ya Nuru kwenye simu ni nzuri, inafanya kazi bila intaneti, inatambua batobato, michirizi kahawia na uharibifu wa utitiri wa kijani. Ila inasoma jani tu. Jembe liko palepale.

4. Kata pingili sentimita 20 mpaka 30, macho 5 mpaka 7, sehemu ya katikati ya shina. Panga liwe kali lisipasue. Utomvu ukitoka bado mbichi, usipotoka tupa.

5. Kama hupandi siku hiyo usikate pingili, acha mashina marefu, yasimamishe kivulini.

6. Panda mita 1 kwa mita 1, ekari moja inaingia pingili kama 4,000. Kaa mbali na mihogo ya zamani kadiri eneo linavyoruhusu. Miezi mitatu ya mwanzo pita kila wiki, shina lenye dalili ng'oa na mizizi yake.

MASWALI

Kijana wa Kibiti: Mkuu somo zuri, sasa dawa ya kupulizia hiyo michirizi inaitwaje?

Jibu: Mstari wa kwanza wa aya ya pili.

Kijana wa Kibiti: Nimesoma ila duka la pembejeo wameniuzia dawa wakasema inatibu.

Jibu: Inaua wadudu, haitibu virusi. Mmea ukishaambukizwa umeambukizwa mpaka unaung'oa. Hiyo pesa ingekununulia mbegu, ndugu yangu.

Mama Zawadi: Shikamoo mwalimu. Sisi tumekuwa tunakata sehemu iliyooza tunatupa, nyingine tunapika. Watoto wamekula miaka yote, kuna madhara?

Jibu: Marahaba mama. Virusi hivi ni vya mimea, havimuingii mtu, usiwe na hofu. Endelea kukata sehemu mbovu. Ila mihogo michungu ni habari tofauti, ile lazima iandaliwe vizuri kama mnavyojua, iwe mizima iwe imeoza.

Fundi Chumvi: Nina swali la kuelewa tu. Kiroba yangu majani yana dalili kabisa, lakini nikichimba mweupe. Imekuwaje?

Jibu: Swali hili nalipenda. Kiroba inavumilia, sio kwamba inazuia. Virusi vinaingia, vinakaa, ila mizizi inachelewa kuoza, ukivuna mapema unakula vizuri. Ubaya ni kwamba shamba lako linakuwa ghala la virusi, inzi weupe wanatoka kwako wanaenda kwa jirani aliyepanda aina dhaifu. Ndo maana watafiti wanatafuta aina inayozuia kabisa. Maabara ya DSMZ ya Ujerumani walichukua mihogo ya Amerika Kusini kutoka benki ya mbegu ya CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo kule Colombia, wakaiambukiza makusudi, mwaka 2019 wakatoa matokeo kwamba mingine imekataa hata ikiunganishwa na shina gonjwa. Kazi iliyobaki ni kuchavusha na aina zetu, sababu ile ya kwao haijakutana na batobato na inaweza kuangushwa nayo.

Fundi Chumvi: Kumbe huko kwao huu ugonjwa haupo?

Jibu: Haupo. Ni wa huku kwetu, ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza 1936 na mtafiti Storey akiwa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara. Miaka mingi ulijulikana kama ugonjwa wa ukanda wa chini, pwani, mpaka kuanzia 2004 ukaanza kuonekana Uganda sehemu za mwinuko, wengi hawakuamini.

Mkulima Kilifi: Huku Kenya tuliambiwa kuna muhogo wa GMO, uliobadilishwa vinasaba, umepitishwa. Ni kweli?

Jibu: Kweli, Juni 2021 mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya iliidhinisha ule unaoitwa 4046, umewekewa kipande cha vinasaba kinachoufanya mmea wenyewe uvunje virusi vya michirizi kahawia. Ila kuidhinishwa sio kwamba uko dukani, lazima upite majaribio ya aina kwanza. Na ninyi mna Kaleso, ni kitu kimoja na Namikonga ya kusini mwa Tanzania, vinasaba vimeonyesha hivyo, ilitoka kwenye kazi ya zamani ya Amani ya kuchavusha muhogo na mti wa mpira, ule wa kisamvu cha mpira. Ukiipata safi itunze.

Msafiri77: Hujasema pingili iwe urefu gani.

Jibu: Hatua ya 4.

Dada Mtama: Mbegu safi nimepata mashina kumi tu, nataka ekari. Nifanyeje?

Jibu: Usikate pingili ndefu. Kata za macho mawili mawili, zioteshe kwenye kitalu au viriba, mwagilia kila siku, zikishika majani hamishia shambani mvua zikiwepo. Zitakuwa dhaifu mwanzoni, palizi usichelewe. Mwaka wa kwanza usiwaze kuuza, hiyo yote ni mbegu.

Mama Zawadi: Na kisamvu naweza kuchuma humo humo?

Jibu: Shamba la mbegu liache, ukichuma sana mashina yanadumaa. Chuma kwenye mihogo ya kula. Wengine mna kisamvu cha mpira uani, ni kitamu, ila kipandeni mbali na mbegu, kwa sababu mpira nao umekutwa na hivi virusi, na ule mti unakaa miaka.