Somo: Kusafisha na Kuhuisha Mikoba na Pochi za Ngozi za Mtumba

Ninaandika somo hili ili nikiulizwa tena "nipake mafuta gani" niwe na mahali pa kumwelekeza muulizaji, kwa maana swali hilo huja kabla mtu hajajua ameshika ngozi ya aina gani, na bila kujua hilo hakuna jibu litakalomfaa. Mikoba mingi niletewayo haikuharibiwa na umri, bali na kile ambacho mwenyewe alikipaka kwa nia njema. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1: Itambue ngozi. Tazama ukingo uliokatwa, kwa mfano ndani ya mfuko mdogo au mwisho wa mkanda. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana, ilhali reksini, yaani ngozi bandia, huonyesha kitambaa kilichobandikwa utando wa plastiki. Reksini iliyoanza kubanduka maganda haitibiki, kwa hiyo usiinunulie dawa. Ukishajiridhisha kuwa ni ngozi, dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana, kisha usubiri dakika moja. Tone likibaki juu, ngozi imefunikwa kwa rangi na inastahimili kufutwa kwa maji. Likizama na kuacha doa la weusi, ngozi iko wazi, nayo itakunywa kila utakachoipaka. Suedi, yaani ngozi yenye uso wa vinyuzi laini kama mahameli, haimo katika hatua zinazofuata: husuguliwa kwa brashi kavu na kifutio cheupe cha penseli, basi.

Hatua ya 2: Toa kila kilichomo, pindua bitana nje, uikung'ute, na upitishe brashi laini kwenye mishono yote.

Hatua ya 3: Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi likilowa kabla ya kufutwa hugeuka tope na kuingia vinyweleoni.

Hatua ya 4: Safisha kwa povu. Tia matone machache ya sabuni ya maji isiyo kali katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, ukoroge, kisha utumie povu na kuyaacha maji. Ngozi iliyotengenezwa huwa na uasidi, takriban pH 4 hadi 5 (kipimo ambacho namba ikiwa ndogo, asidi ni nyingi zaidi), ilhali sabuni ya mche au ya unga hufika pH 9 au 10, na ndiyo maana mkoba uliooshwa kwa sabuni ya kufulia hupendeza ukiwa umelowa na kukakamaa ukishakauka. Futa kipande kizima, kutoka mshono hadi mshono, kwa sababu ukilowesha doa peke yake kwenye ngozi iliyo wazi, maji yatakauka na kuacha duara baya kuliko doa ulilokuwa ukilifukuza. Pochi za mfukoni zinahitaji subira zaidi, kwa kuwa jasho huziachia chumvi ambayo hujitokeza tena kama mstari mweupe baada ya kukauka. Rudia kufuta kwa kitambaa chenye unyevunyevu wa maji matupu hadi mstari huo ukome.

Hatua ya 5: Kausha kivulini, mkoba ukiwa umejazwa karatasi nyeupe zisizo na wino. Usitumie jua, pasi wala jiko, kwa maana ngozi iliyolowa hujikunja kwa joto dogo kuliko iliyo kavu, na ikishajikunja haifunguki.

Hatua ya 6: Mafuta. Hapa ndipo nilipowahi kuharibu mkoba mzuri, hivyo nitakwenda polepole. Kazi ya mafuta ni kuzifanya nyuzi za ndani ya ngozi ziteleze zinapokunjwa. Si kazi yake kurudisha rangi, kuziba nyufa wala kung'arisha. Ngozi iliyofunikwa kwa rangi huyapokea kidogo mno, na ziada hubaki juu ikikusanya vumbi na kuchafua nguo ya mwenye mkoba. Ngozi iliyo wazi ina balaa la upande wa pili: huyanywa bila kiasi, hugeuka nyeusi kwa mabaka, kisha hulegea hadi mkoba uliokuwa ukisimama wenyewe unajikunja mezani kama gunia tupu. Weusi huo hautoki. Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi, kwani hubaki ndani na kuchacha, na harufu yake huwezi kuiosha tena. Tumia krimu ya ngozi yenye lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) au nta ya nyuki, kiasi cha punje moja ya harage kwa pochi nzima na punje tatu au nne kwa mkoba wa kawaida. Ipake kwanza kwenye kitambaa, usiiweke moja kwa moja juu ya ngozi; sambaza kwa mizunguko midogo, acha usiku kucha, na asubuhi futa yote iliyobaki juu.

Onyo: usipake krimu kwenye ngozi ambayo bado ina unyevu. Usipake krimu ikiwa unakusudia kutia rangi, kwa sababu rangi haishiki juu ya mafuta. Na usirudie siku ya pili eti kwa kuwa ya kwanza "imeingia vizuri". Kuingia vizuri ndiko kunakowaponza watu.

Hatua ya 7: Rangi, kama inahitajika. Futa sehemu iliyochujuka kwa spiriti kidogo ili kuondoa mafuta. Jaza nyufa kwa kijazio laini cha ngozi, kikikauka kipitishie msasa wa namba 400 au 600, kisha paka rangi ya akriliki ya ngozi kwa sponji, tabaka jembamba baada ya tabaka jembamba, kila moja likauke kabla ya linalofuata. Malizia kwa utando wa kinga. Anayepaka tabaka moja zito atapata nyufa mpya juu ya zile za zamani.

Hatua ya 8: Vyuma. Tazama pembe za bizimu: zikionyesha chuma cha kijivu chini ya dhahabu, huo ni mchovyo, nao haupigwi polishi ya shaba, kwa kuwa polishi itauondoa wote.

MASWALI YA WANACHAMA

Pendo_Mikoba: Shikamoo mwalimu. Sijasoma yote, ila nataka kujua kama mafuta ya nazi yanafaa.

Jibu: Marahaba. Hayafai. Sababu iko katika Hatua ya 6.

Kijana_wa_Mtumba: Mwalimu, nimepokea mkoba wenye utando mweupe juu. Nilidhani ni ukungu, nikaufuta, baada ya wiki ukarudi. Lakini hauna harufu yoyote, nao uko hasa kwenye mikunjo. Je, kuna weupe usio ukungu?

Jibu: Umeona vizuri, na harufu uliyoikosa ni ushahidi mkubwa. Kuna mafuta yanayopanda kutoka ndani ya ngozi na kuganda juu, hasa penye baridi au pale mtu wa kabla yako alipopaka mafuta kupita kiasi. Jaribio ni rahisi: puliza sehemu hiyo kwa mashine ya kukaushia nywele ikiwa kwenye joto la chini kabisa, kwa mbali, sekunde chache tu, ngozi ikiwa kavu. Mafuta yatayeyuka na kutoweka machoni pako. Ukungu utabaki ulipo. Yakiwa mafuta, yafute kwa kitambaa yakiwa bado vuguvugu, na usiongeze krimu yoyote. Ukiwa ukungu, toka nje, funika pua na mdomo, upige brashi mbali na uso wako, kisha ufute kwa kitambaa kilichotiwa mchanganyiko wa spiriti na maji nusu kwa nusu, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana. Uache mkoba upigwe na hewa, na usiutie tena katika mfuko wa plastiki. Ukungu hustawi penye unyevu wa hewa wa zaidi ya asilimia 60 au 65, na mfuko wa plastiki huufungia unyevu huo ndani.

Kijana_wa_Mtumba: Yameyeyuka! Ahsante sana. Sasa, kando ya misumari midogo ya mkanda kuna kitu cha kijani kinachonata. Kinahusiana na mafuta hayo?

Jibu: Kinahusiana moja kwa moja. Shaba iliyo ndani ya chuma hukutana na asidi za mafuta yaliyomo kwenye ngozi, ndipo hutokea nta hiyo ya kijani. Ikwangue kwa kijiti cha meno cha mti, kamwe si kwa sindano, umalizie kwa pamba yenye spiriti kidogo bila kuigusa ngozi. Itarudi ikiwa mafuta bado ni mengi, basi uwe unaikagua.

Baba_Zipu: Kwa heshima zote, mimi hupaka mikoba rangi ya viatu miaka yote na wateja hawajalalamika. Naona unatutisha bure.

Jibu: Kiatu hakikai kwapani mwa mtu mwenye shati jeupe. Rangi ya viatu hukaa juu na huhamia kwenye nguo kwa joto na msuguano. Kama wateja wako hawarudi kulalamika, huenda ni kwa sababu hawarudi.

Baba_Zipu: Hilo la mwisho halikuwa la lazima.

Jibu: Ni kweli, uniwie radhi. La rangi nimelishikilia.

Bi_Pochi: Bitana ya mkoba wangu wa zamani imekuwa ikinata, na kadi zikitoka zina gundi. Nimepaka poda ya mtoto, ikatulia siku mbili tu.

Jibu: Hiyo ni bitana ya poliyurethani, aina ya plastiki, inayovunjika kwa unyevu wa hewa. Poda huficha mnato, na bitana huendelea kuoza chini yake. Hakuna sabuni wala krimu itakayoirudisha. Fumua mshono wa juu ndani, itoe yote, na fundi akushonee ya pamba. Ngozi ya nje ikiwa nzima, gharama hiyo ina maana. Ikiwa nayo imechakaa, usiingie gharama hiyo.

Baba_Zipu: Akifumua, aanze na mshono ulio chini ya zipu na apige picha ya kila hatua kabla ya kukata uzi. Na zipu ikiwa nzito, apitishe mshumaa mweupe kwenye meno yake, afungue na kufunga mara kadhaa, kisha afute mabaki.

Jibu: Ushauri mzuri, nami nauunga mkono. Niongeze tu kwamba kwa zipu ya chuma ncha ya penseli laini hufanya kazi hiyo vilevile, ila usiitumie kwenye mkoba wa rangi nyepesi, kwa sababu unga wake huchafua kitambaa cha pembeni.

Pendo_Mikoba: Na mafuta ya alizeti je?

Jibu: Hatua ya 6.