Kuwashirikisha vijana katika amani ya mtaa: anzia maskani

Ninafanya kazi na vijana Likoni, ng'ambo ya feri, na haya ninamwandikia yeyote anayetaka kuanzisha kikundi cha amani mtaani kwake hapa Pwani ya Kenya, awe ustadh, mchungaji, mzee wa Nyumba Kumi (kamati ya usalama ya majirani) au kijana mwenyewe.

Usiwaite ukumbini. Wanaokuja ukumbini ni wale wale wa kila semina. Nenda maskani kwao, yaani pale barazani wanapokaa kupiga soga, au kwenye steji ya bodaboda, baada ya swala ya alasiri, wakati watu wametulia. Kila maskani ina mkubwa wake, hivyo msalimie huyo kwanza. Neno ugaidi liache nyumbani siku hiyo. Uliza tu ni jambo gani linalowasumbua. Utasikia habari za kitambulisho kilichokwama, msako wa usiku, kazi zinazotolewa kwa kujuana, na magenge ya mapanga. Sikiliza mpaka mwisho, kwa sababu anayekuja kuwashawishi vijana wajiunge na Al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia, hufanya hivyo hivyo: anasikiliza kwanza, halafu anaahidi kazi nzuri ng'ambo ya mpaka, na nauli anatoa yeye.

Kuna karatasi moja inayoharibu kazi nyingi, nayo ni orodha ya mahudhurio. Mfadhili anataka jina, simu, namba ya kitambulisho na sahihi. Kijana mmoja wa bodaboda aliwahi kuishika kalamu, akaisoma ile karatasi juu mpaka chini, akaniuliza, "Dada, hii namba ya kitambulisho inaenda wapi?" Swali hilo ni la haki kabisa. Kubaliana na mfadhili mapema kwamba utaandika idadi, jinsia na rika, basi. Akikataa, afadhali kikao kifanyike bila pesa zake.

Polisi nao lazima waingie, ila kwa matayarisho. Mombasa haijasahau Februari 2014, polisi walipovamia Masjid Musa, Majengo, na watu zaidi ya 100 wakakamatwa. Mechi ya vijana na polisi ni nzuri, lakini filimbi ya mwisho ikilia kila mtu anarudi kwake. Fanya hivi: vijana waandike maswali yao siku chache kabla, wachague wenyewe msemaji, na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, aje bila msafara wa bunduki. Pande zote zikubaliane kwamba hakuna jina la mtu litakalotajwa. Kila ahadi ya OCS iandikwe pamoja na tarehe, na kijana, si wewe, ndiye afuatilie.

Hapo ndipo ushirikishwaji unapoanza kweli. Kijana anayeitwa kuhutubiwa na kunywa soda hajashirikishwa. Mpe daftari la fedha. Mpe uamuzi. Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Desemba 2015, linataka vijana wawe na sauti kwenye maamuzi ya amani. Kenya ilizindua mkakati wake wa taifa wa kukabiliana na itikadi kali za ghasia 2016, na Kwale ikatangulia kuwa na mpango wa kaunti 2017. Tafuta nakala ya mpango wa kaunti yako, usomeni pamoja kwa Kiswahili, mchague ahadi moja, kisha muidai. Ombeni pia viti viwili kwenye jukwaa la kaunti linalousimamia, kimoja cha msichana. Wasichana hutawakuta maskani. Watafute saluni, kwa mafundi cherehani na kwenye madrasa za kina mama.

Siku moja mzazi atakuja kukwambia mwanawe amebadilika. Usipime kwa ndevu, kanzu wala buibui. Huko ni kuwaonea Waislamu na hakukufikishi popote. Angalia kama ameacha marafiki wa zamani ghafla, anauza vitu vyake, ana mfadhili asiyetaka kumtaja, anazungumzia safari isiyoeleweka. Mtafute mtu mmoja anayemwamini, mjomba au ustadh wake, wakae wawili tu. Ikiwa kuna mpango wa kudhuru watu, hilo limevuka uwezo wa kikundi: lifikishwe kwa vyombo vya usalama siku hiyo hiyo. Familia isiende peke yake. Mashirika ya haki kama MUHURI na HAKI Africa yapo hapa hapa Mombasa.

Wako na waliorudi. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana waliojiunga na Al-Shabaab watakaojisalimisha. Wengi waliorudi kutoka Somalia wanaogopa pande mbili, polisi na wale waliowatoroka. Ukimpata mmoja, usimpandishe jukwaani atoe ushuhuda, hata mgeni aliyetoka mbali akiomba sana. Asipigwe picha, na kisa chake kisiandikwe kwenye ripoti. Mtafutie fundi wa kumfunza kazi, na mtu wa kumpokea msikitini au kanisani.