Somo: Jinsi ya kujiandaa kabla ya kuja Jumamosi ya nasaba (Tanga)

Kila mwezi, siku chache kabla ya Jumamosi ya nasaba, ujumbe huwa uleule: "Nataka kujua ukoo wangu, nianzie wapi?" Nimeshajibu kwa simu, kwa WhatsApp na mlangoni watu wakiwa kwenye foleni. Naandika yote hapa mara moja. Kuanzia leo atakayeuliza nitamtumia somo hili.

Kwa wageni: kikundi chetu ni cha watu wa mkoa wa Tanga wanaofuatilia nasaba za koo zao. Wamo Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua, Wasegeju, na wajukuu wa waliokuja kukata mkonge. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunafungua milango kwa yeyote, bila kiingilio. Kuna meza ya kuskani picha na vyeti, meza ya kuchora mti wa ukoo, na wazee wanaosoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mara mojamoja tunafanya ziara ya makaburi. Anayetoka na kitu siku hiyo ni yule aliyefanya kazi nyumbani kwanza.

Hatua ya 1. Nunua kaunta buku. Karatasi za kuchana hupotea.

Hatua ya 2. Jiandike wewe, wazazi wako, babu zako wawili na bibi zako wawili.

Hatua ya 3. Kusanya makaratasi ya nyumbani: vyeti vya kuzaliwa, ubatizo na ndoa, kadi ya TANU, kipande cha mkonge (kadi ya kazi ya shambani), barua za zamani. Usiyapige laminesheni. Joto na gundi vinaharibu karatasi kuukuu, na ukishapiga huwezi kuitoa.

Hatua ya 4. Nenda kwa wazee. Ongozana na mtu anayezoeleka pale nyumbani, omba ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi, halafu mwache mzee aseme. Usimsahihishe. Siku za mwanzo za msiba usiende na daftari, ila arobaini ni wakati mzuri kwa sababu ukoo wote umekusanyika na wazee wanakumbushana wenyewe.

Hatua ya 5. Kila mtu unayemwandika, muulizie mama yake. Hapa soma polepole.

Majina yetu yanakwenda kwa baba: jina lako, la baba, la babu. Mjukuu naye anarithi jina la babu. Salimu anamzaa Ali, Ali anamzaa Salimu, Salimu anamzaa Ali. Ndugu zake nao wanafanya hivyohivyo, kwa sababu babu ni yuleyule. Vizazi vikisonga una Salimu Ali kadhaa, wote wa ukoo mmoja, pengine wa kijiji kimoja. Nimeona mti wa vizazi sita ukibomolewa mezani kwetu kwa sababu Salimu Ali wawili walifanywa mtu mmoja. Watoto wa mmoja wakawa wa mwingine, na matawi mawili yaliyokuwa yanaoleana yakaonekana ndugu wa baba mmoja. Wenyewe walikuwepo. Haikuwa asubuhi nzuri.

Jina la mama ndilo linalowatenganisha. Salimu Ali wa Mwanahamisi si Salimu Ali wa Fatuma, basi.

Tatizo la pili ni maneno ya undugu. Mzee akisema "babu yangu", anaweza kumaanisha baba wa baba yake, au kaka wa huyo. "Baba" anaweza kuwa baba mkubwa au baba mdogo. "Mwanangu" ni pamoja na mtoto wa ndugu yake. Hasemi uongo, undugu wetu ndivyo unavyohesabiwa. Kwa hiyo uliza: "Walikuwa tumbo moja? Baba mmoja? Nani alitangulia kuzaliwa?" Ukiambiwa "ndugu", uliza kama ni ndugu wa damu au wa kunyonya, maana ndugu wa kunyonya huingia kwenye hadithi za ukoo kama kawaida.

Maonyo ya hatua hii:
- Usiunganishe watu wawili kwa sababu majina yanalingana. Subiri jina la mama, mtaa, au mpangilio wa kuzaliwa.
- Usijaze pengo kwa kubahatisha. Acha wazi, weka alama ya kuuliza.
- Ukisikia habari ya utumwa, ya mtoto wa nje, au ya talaka iliyoacha ugomvi, iandike kwenye ukurasa wako wa nyuma. Usiitume kwenye grupu la ukoo. Hapa mwambao maneno ya nani alikuwa mtumwa wa nani bado yanachoma, na kuna waliofichwa asili yao makusudi ili waishi kwa heshima.

Hatua ya 6. Miaka. Usimuulize mzee "mwaka gani?", muulize kilichokuwa kikitokea. Vita vya Wajerumani na Waingereza hapa Tanga vilikuwa Novemba 1914. Reli ilianza kujengwa 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Waliokwenda Burma na KEYA (jeshi la Mwingereza, King's African Rifles) walikuwa kwenye vita vya 1939 hadi 1945. Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, kisha Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970. "Nilikuwa nachunga mbuzi peke yangu wakati wa Uhuru" inakupa umri wa kukaribia. Andika maneno yake kwa kalamu, na mwaka uliokadiria wewe kwa penseli.

Hatua ya 7. Ofisi. Vyeti vya kuzaliwa na vifo ni RITA, wakala wa serikali wa usajili. Rejesta za ubatizo na ndoa ziko parokiani: Waanglikana wa Magila, kule Muheza, wana historia ya tangu karne ya 19, na misheni ya Kilutheri ya Mlalo ilianza 1891. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina mafaili ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza, ambamo habari za machifu na koo ziliandikwa. Na msisahau Mahakama ya Mwanzo: faili la mirathi huwa na muhtasari wa kikao cha ukoo, na majina ya warithi na uhusiano wao na marehemu.

Hatua ya 8. Njoo Jumamosi na kaunta buku lako.

MASWALI

Juma_wa_Korogwe: Mkuu, babu yangu alitoka Korogwe, naitwa Juma Athumani. Nitafutie ukoo.

Jibu: Hatua ya 5. Mama wa babu yako anaitwa nani?

Juma_wa_Korogwe: Sijui. Si uangalie kwenye kompyuta yenu?

Jibu: Hayumo kwenye kompyuta. Una shangazi aliye hai? Anzia kwake.

Mjukuu_wa_Manamba: Shikamoo mwalimu. Babu alikuja kukata mkonge Muheza, akafia hapahapa. Tunaambiwa tu alikuwa "Muha". Hakuna aliyewahi kufika kwao. Inawezekana kupata chochote?

Jibu: Marahaba. Inawezekana, na swali lako nimelipenda. Wenye mashamba waliunda SILABU mwaka 1944 kuajiri watu wa mbali: Kigoma, kusini, hadi Ruanda-Urundi. Kabla yake watu walikuwa wakija hivyohivyo kwa miguu au kwa mawakala. Kwa hiyo "Muha" la kambini usilichukue kama jibu la mwisho, anaweza kuwa wa Kigoma au wa ng'ambo ya mpaka. Jina la kipande pia huenda silo alilopewa na mama yake.

Tafuta haya: kipande chenyewe, hata kama kimebaki nusu, barua, hasa za aliyekuwa akimwandikia, majina aliyowapa watoto wa kwanza, maana huenda ni ya wazazi wake. Kisha waulize wazee wa kambi: msibani kwake, watani waliokuja kufanya utani ni kina nani? Utani haukosei kirahisi. Mtu anaweza kubadili jina, lakini watani wake wanamjua. Ukipata hilo niandikie, nitakaa na wewe.

Mjukuu_wa_Manamba: Bibi mmoja wa kambini yuko hai, ana zaidi ya miaka 80. Naenda Ijumaa.

Jibu: Nenda kesho.

Mdau_77: Mnatoa barua ya kuthibitisha ukoo kwa ajili ya mirathi?

Jibu: Hapana.

Mdau_77: Sasa kazi yenu nini?

Jibu: Imeandikwa juu, aya ya pili. Warithi hutajwa na kikao cha ukoo na kuamuliwa na mahakama. Mti wa ukoo tunaouchora ni kumbukumbu, na hatutaki utumike kumnyima mtu haki yake.

Abu_Swaumu: Hili la mama sijalielewa. Sisi Waislamu nasaba ni ya baba. Mnataka kutubadilishia?

Jibu: Hakuna anayebadilisha nasaba ya mtu. Salimu ni bin Ali na atabaki bin Ali. Tunaandika mama ili tujue ni Salimu yupi. Pia elewa tuko Tanga: Wadigo na Wazigua wa zamani walihesabu ukoo upande wa mama, na Wadigo Waislamu wengi bado wanalijua fuko lao, yaani ukoo wa upande wa mama. Ukiandika baba peke yake, nusu ya watu waliokuzaa hawamo daftarini.

Abu_Swaumu: Sawa, hapo nimeelewa. Mama wa babu alikuwa Mdigo kweli.

Mzigula_Marekani: Nimezaliwa kambi ya wakimbizi Kenya, sasa niko Marekani. Wazee wetu walikuwa bonde la Juba, Somalia. Nyumbani tunasema Kizigula. Je, sisi tuna nafasi kwenu?

Jibu: Karibu sana ndugu yangu, hapa ni kwenu. Wazigua walichukuliwa karne ya 19, wengi wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1830, wakavushwa hadi Somalia. Waliotoroka utumwa wakaanzisha vijiji vyao kando ya Juba na wakaishika lugha. Baadhi ya wakimbizi walirudi, wakapewa makazi Chogo, wilaya ya Handeni, na wengi wakapata uraia wa Tanzania.

Fanya jambo moja kabla ya mengine: mrekodi bibi yako akitaja ukoo wake, wa mama yake na wa mama wa mama yake. Aseme kwa Kizigula, usitafsiri. Tutumie sauti. Tuna wazee wa Handeni watakaoisikiliza neno kwa neno, na wakilitambua jina la ukoo watakwambia linapatikana vijiji gani. Vipi, bado anazo nyimbo za unyago? Nazo zirekodi, kama mwenyewe ataridhia zisikike.

Mzigula_Marekani: Anazo. Ameanza kulia nilipomsomea jibu lako. Nitarekodi.

Neema_T: Kupima DNA kutaniambia kabila langu?

Jibu: Kipimo kinalinganisha DNA yako na ya watu waliopo kwenye hazina ya kampuni, na watu wa kwetu humo ni wachache. Kinaweza kukuonyesha ndugu wa karibu kama naye amepima. Kabila, usilitegemee huko.

Neema_T: Na picha za zamani za kuskani, niziweke ukubwa gani?

Jibu: Picha ndogo za pasipoti nukta 600 kwa inchi, za kawaida 300 zinatosha. Majina andika nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza. Iliyoganda kwenye albamu usiivute, ilete na albamu yake.

Fundi_Pangani: Ziara ya makaburi tulete nini? Nina brashi ya waya.

Jibu: Iache nyumbani. Kaburi halisuguliwi kwa waya wala kupakwa chaki, mawe ya matumbawe yanamomonyoka. Leta simu yenye chaji, maji na kofia, na uwahi saa moja asubuhi. Jua likiwa bado liko chini mwanga unapita ubavuni mwa jiwe, na maandishi yaliyofutika yanasomeka.