Intakomu ya simu kwa timu ya matangazo mubashara: kuanzia ruta hadi sikioni

Viwanja vya Furahisha hapa Mwanza vikishajaa, usitegemee kundi la WhatsApp wala kupiga simu ili kumwambia kameramani wa pili ahamie kwa mgeni rasmi. Watu wote wanarusha video kwa wakati mmoja, minara inaelemewa, na ujumbe unafika mgeni akiwa ameshakaa. Dawa yake ni Wi-Fi yenu wenyewe uwanjani, isiyotumia bando kabisa, yenye seva ndogo ya sauti ndani yake. Simu zikiunganishwa hapo zinageuka intakomu, yaani chombo cha timu kusemezana wakati wa kazi.

Mwongozo huu unatumia Mumble, programu ya bure ambayo seva yake unaiweka mwenyewe. Kwenye kompyuta inaitwa Mumble, na kwenye simu za Android unaweka Mumla, inayopatikana F-Droid, duka la programu huria za Android. Kama unaweza kuchagua, kila mtu kwenye timu mpe simu ya Android.

Vifaa kwa timu ya watu 8

Ruta 1 ya bendi mbili (2.4 na 5 GHz). Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya kiganjani) 1, au laptopu ya zamani yenye Linux. Waya wa mtandao wa kuunganisha seva na ruta, na mwingine mrefu kama ruta itakaa mbali na meza; usizidishe mita 100. Stendi ya spika ya kupandishia ruta. UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika) ya ruta ya volti 12 (soma kwanza volti na ampea kwenye adapta ya ruta yako) na pawabenki ya kuwashia Pi. Simu 7 zenye tundu la iafoni la milimita 3.5, iafoni zake zenye maiki, pamoja na mbili za akiba. Mtu wa nane ni dairekta, yeye anakaa kwenye laptopu.

Usidharau hilo tundu la 3.5. Iafoni ya USB-C inakalia mlango wa chaji, na hafla ya saa sita bila kuchaji ni kamari. Bluetooth nayo iache nyumbani: inachelewesha sauti, na inagombania bendi ileile ya 2.4 GHz.

Hatua ya 1: seva

Fanya hili ukiwa na intaneti, siku moja au mbili kabla ya kazi:

sudo apt update
sudo apt install mumble-server
sudo dpkg-reconfigure mumble-server

Amri ya mwisho itakuuliza kama seva ijiwashe yenyewe (kubali), kama ipewe kipaumbele (kubali), na nywila ya SuperUser, ambaye ndiye msimamizi. Kisha fungua /etc/mumble-server.ini, ikiwa haipo hapo, angalia ndani ya folda ya /etc/mumble. Rekebisha mistari mitatu: users=20 (idadi ya juu ya watu), bandwidth=72000 (biti kwa sekunde kwa kila mtu), na serverpassword= ikifuatiwa na nywila yenu. Anzisha upya kwa sudo systemctl restart mumble-server. Seva inatumia mlango (port) 64738, kwa njia mbili za kusafirisha data: TCP na UDP. Kama umeweka ukuta wa moto (firewall), ruhusu zote mbili.

Hatua ya 2: ruta

Ipe seva anwani isiyobadilika, mfano 192.168.10.2, kwa kuihifadhi kwenye orodha ya DHCP ya ruta, yaani sehemu inayogawa anwani kwa vifaa. Seva iunganishwe kwa waya kila mara. Usitumie mtandao wa wageni wa ruta, kwa sababu kazi yake ni kuzuia simu zisifikie vifaa vya ndani, na seva yako ni kimojawapo.

Tenganisha majina ya bendi mbili. Kwenye 5 GHz chagua chaneli kati ya 36 na 48. Chaneli za 52 hadi 144 zina sharti la kupisha rada: ruta ikihisi rada inahama, nanyi mnabaki kimya katikati ya hotuba. Kwenye 2.4 GHz chagua 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache. Upana uwe MHz 20 kwa bendi zote mbili. Sauti haihitaji njia pana, inahitaji njia tulivu.

Kamera zilizo karibu na jukwaa ziwe kwenye 5 GHz. Aliyeko mbali, au aliyejificha nyuma ya mawe (na Mwanza mawe hayakosekani), mpe 2.4. Hata hivyo hakuna bendi inayopenya jabali la matale; hapo unasogeza ruta, huongezi nguvu.

Ruta ipandishwe mita 3 hivi juu ya ardhi. Mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji yanameza mawimbi haya. Jaribio la asubuhi uwanja ukiwa mtupu litakudanganya: kila kona inashika. Watu wakijaa, ruta iliyowekwa chini ya meza haifiki mbali.

Hatua ya 3: simu

Weka hali ya ndege, kisha washa Wi-Fi peke yake. Hatua hii watu wengi huiruka, na ndiyo inayoangusha intakomu nyingi. Simu ikiona Wi-Fi haina intaneti, inajiamulia kurudi kwenye data na kumwacha kameramani nje ya mtandao bila yeye kujua. Pia simu ya shemeji ikiingia katikati ya kazi, inapokonya maiki.

Ondoa Mumla kwenye uokoaji wa betri, la sivyo mfumo utaizima skrini ikilala. Ndani ya Mumla, ongeza seva: anwani 192.168.10.2, mlango 64738, nywila, na jina la nafasi wala si la mtu: KAM1, KAM2, JUKWAA, SAUTI. Mara ya kwanza itauliza kama unakiamini cheti cha seva; kubali. Chaguo la kulazimisha TCP liwe limezimwa. TCP hungojea pakiti (kipande kidogo cha sauti) iliyopotea irudiwe, na sauti ya sekunde mbili zilizopita haimsaidii mtu.

Hatua ya 4: namna ya kuongea

Chagua "Push to Talk", yaani bonyeza ndipo uongee. Hesabu yake ni hii. Mtu mmoja akiongea, seva inanakili sauti yake kwa wengine 7. Pakiti za milisekunde 20 ni 50 kwa sekunde, hivyo ruta inarusha 350. Ukiacha maiki zijifungue zenyewe kwa sauti, nenda kwenye Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma pale Bujora, Kisesa: ngoma ikilia, maiki zote 8 zinafunguka. Ni 8 mara 7 mara 50, pakiti 2,800 kila sekunde, na hakuna aliyesema neno. Upepo wa mchana kutoka ziwani unafanya vilevile ufukweni. Vingi vinavyoitwa "Wi-Fi mbovu" ni maiki zilizoachwa wazi.

Badilisha pia urefu wa pakiti kutoka milisekunde 20 kuwa 40. Idadi inapungua nusu, na ucheleweshaji unaoongezeka hakuna atakayeuhisi.

Kitufe cha kuongezea sauti kinaweza kuwekwa kuwa cha kuongelea, mradi Mumla iwe mbele kwenye skrini. Kameramani ambaye mikono yote iko kwenye tripodi asilazimishwe kuongea: akisikia, anainamisha kamera kidogo na kuiinua. Dairekta anaona jibu kwenye monita. Bila shaka asifanye hivyo akiwa hewani.

Hatua ya 5: chaneli

Hapa chaneli si ile ya Wi-Fi, ni chumba cha mazungumzo ndani ya Mumble. Watu 8 chaneli moja inawatosha. Wakizidi, ingia kama SuperUser kutoka kwenye laptopu, utengeneze chaneli mbili, Kamera na Jukwaa. Dairekta awekewe vitufe vya njia za mkato za kunong'oneza kwa kila chaneli, ili maneno ya kamera yasimkere mtu wa jukwaani.

Lugha iwe fupi, nafasi itangulie: "Kam mbili, jiandae. Kam mbili, hewani." Ukianza na amri, wote wanashtuka kabla hawajajua anayeambiwa ni nani.

Yanayoharibika

Sauti inakatika kwa mtu mmoja: kwenye laptopu bonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia, fungua taarifa zake, usome pakiti zilizopotea. Zikiwa nyingi, yuko mbali au amezibwa. Zikiwa chache, kagua iafoni.

Anasikia lakini hasikiki: huenda nyaya za iafoni zimepangwa kwa mpangilio wa OMTP na simu inataka CTIA; ni mipangilio miwili ya plagi ya 3.5 inayopishana mahali pa maiki. Dalili ni kwamba akishikilia kitufe cha maiki ndipo sauti ya wengine inakuwa safi. Badilisha iafoni, simu haina kosa.

Mwangwi kwa wote: kuna simu imechomolewa iafoni na inaongea kwa spika.

Simu imezimika, umechukua nyingine, seva inasema jina linatumika: hutokea mtu akihamia simu nyingine kwa jina lilelile. Subiri kama nusu dakika seva imtoe yule wa zamani, au ingia kwa jina la KAM2B uendelee na kazi.

Wote wamekatika kwa pamoja: ni umeme wa ruta. Ruta huchukua dakika moja au mbili kurudi, ndiyo maana UPS yake inakuja kabla ya UPS ya kitu kingine chochote mezani. Kwa dakika hizo mbili, dairekta na mtu wa jukwaani wawe na redio upepo zenye kibali cha masafa, na kamera ziendelee na picha pana.